Swali Nililomwuliza Akiwa Majini

Béa wangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimebaki na mabegi yako hapa mlangoni, yamesimama kama wageni wasiotaka kuketi. Nilikuwa nikupigie pasi ile sketi ya bluu. Nimeiacha, nimechukua kalamu.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kushika begi lako vizuri mkifika mpakani Kasumbalesa, wala za kula kabla basi la Cape Town halijaondoka. Hayo umeyasikia wiki nzima, mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Nataka kukuandikia jambo ambalo mdomo wangu haujaweza kulisema mpaka mwisho. Na ninaliandika kwa Kiswahili cha masista, kile walichotufundisha shuleni, kwa sababu nikianza kwa kile cha nyumbani nitalia, na leo sitaki kulia. Leo nina hasira, na ninataka ikufikie bila kuchanganyika na kitu kingine.

Unajua kwamba baba yako alikufa kwa moto wakati wa pillage, ule uporaji wa mjini. Ndivyo nilivyokuambia, na si uongo. Lakini moto haukumkuta kwa bahati mbaya.

Célestin alikuwa mtunza depo hapa Lubumbashi, upande wa viwanda. Depo ya rangi, mafuta ya mashine, matairi. Mwenye depo alikuwa Mzungu mmoja tuliyemwita Patron Lambert, mtu mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza kama aliyetoka kuamka. Mke wake, Madame Hélène, alikuwa ameshatangulizwa kusini na watoto wao, kwa maana wenye pesa walinusa mambo kabla yetu. Asubuhi ile askari walipotoka kambini wakaingia madukani, na raia wakawafuata kwa mikokoteni, Lambert alikuja depo kwa gari lililojaa masanduku. Alimwambia baba yako abaki ndani alinde. Halafu akazungusha mnyororo kwenye lango, kwa nje, akafunga kufuli.

Haya nayajua kwa sababu mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga ng'ambo ya barabara aliyasikia yote. Célestin alimwuliza, "Patron, na miye nitatokea wapi?" Lambert akajibu, "Nitarudia saa sita." Akaingia garini na ufunguo mfukoni, akashika barabara ya Zambia.

Mimi nilifika na chakula chake kwenye sufuria, wewe mgongoni kwangu. Waporaji walikuwa wameshapanda paa, na mtu, sitamjua kamwe, alikuwa ameangusha moto kwenye rangi. Niliona mikono ya baba yako imetoka kati ya vyuma vya lango. Watu walikuwepo, Béa, usifikiri hawakuwepo. Kuna kijana aliyegonga kufuli lile kwa jiwe mpaka vidole vyake vikatoka damu, na mwingine alileta nyundo, lakini joto lilikuwa limeanza kuturudisha nyuma. Célestin aliniona. Alinipigia kelele mara moja tu: "Toa mutoto hapa!" Nikakutoa. Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia, na nilimtii, na nimelala na utii huo kila siku tangu hapo.

Baada ya mazishi nilikupeleka Mitwaba kwa mama yangu, nikaenda kusini kama walivyokwenda wengi. Nilifanya kazi Zambia, nikafua nguo Zimbabwe, nikaishia Cape Town, jikoni mwa mgahawa mmoja ulio kwenye gati la mashua za matajiri. Sikwenda kumtafuta mtu. Nilikwenda kutafuta chakula chako. Lakini siku moja, nikiwa nimeinama kwenye karai la vyombo, nilisikia sauti ya kukwaruza inamwambia mhudumu, kwa Kifaransa, kwamba amechoka na viazi, anaota bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwetu.

Nilichungulia kwenye dirisha la kupitishia sahani. Alikuwa yeye.

Hakunijua. Kwa miaka yote baba yako aliyomfanyia kazi, mimi nilikuwa mwanamke fulani anayeleta sufuria langoni. Nilijifuta mikono nikamwendea, nikamsalimu kwa Kiswahili chetu. Uso wake ulifunguka kama wa mtoto.

"Weye iko mutu wa wapi?"

"Niko wa Likasi," nikamdanganya.

"Likasi! Hélène, sikia, iko wa Likasi!"

Mke wake alikuwa pale mezani. Siku ile ile waliniambia kwamba wana mashua ya tanga, kwamba wanavuka bahari kwenda Brazil, na kwamba wanatafuta mtu wa kuwapikia na kuwasaidia kazi ndogo ndogo, kwa sababu Madame mgongo wake si mzima. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Ningekuwa mwongo nikikuambia nilipanda kwa ajili ya kazi. Nilipanda kwenda kumwua. Baharini hakuna lango, hakuna jirani, hakuna polisi. Mtu anateleza, basi.

Wewe hujawahi kuiona bahari, kwa hiyo nikueleze kidogo mashua ile ilivyokuwa, maana watu wakisikia tajiri na mashua wanafikiri ni hoteli. Ilikuwa fupi kuliko nusu ya parcelle yetu, kiwanja hiki cha hapa Hewa Bora. Ndani mlikuwa na meza moja, vitanda vyembamba kama rafu za duka, na jiko lililoning'inia ili mashua ikilala upande sufuria ibaki wima. Nilipika nikiwa nimefungwa mkanda kiunoni, kama mtoto anayefunzwa kutembea. Kusonga bukari huku sakafu inakukimbia miguuni ni kazi ya wendawazimu. Mara ya kwanza sufuria nzima ilinata ukutani. Madame alicheka mpaka akashika mgongo, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka naye.

Maji ya kunywa yalipimwa kwa kikombe. Vyombo tuliviosha kwa maji ya bahari, miili pia, na chumvi ilitukausha ngozi mpaka ikapasuka kwenye viwiko. Godoro halikukauka hata siku moja. Asubuhi nilikuwa nachambua vitunguu, kwa sababu kimoja kikioza kinaambukiza vingine, halafu nazunguka juu kuokota samaki waliojirusha wenyewe usiku, wenye mapezi marefu kama mbawa. Nawakaanga. Halafu zamu ya usukani. Madame ndiye aliyenifundisha: usitazame mbele tu, sikia upepo shingoni, ukihama sikio moja kwenda lingine, kuwa macho, kwa sababu ule mti mrefu wa chuma ulioshika tanga chini utaruka upande wa pili na kumpiga atakayekutana nao. Niliyasikiliza maneno yale kwa makini sana. Nilifikiri: hivyo ndivyo itakavyokuwa.

Lakini ngoja nikuambie ugumu wa kumchukia mtu mahali padogo. Ardhini unamchukia mtu na kwenda zako. Pale nilijua kikohozi chake cha asubuhi, nilijua anavyopumua akilala, mkono wangu ungenyooka ungegusa blanketi lake. Nilimpa sahani yake ya bukari kila siku, na kila siku alifumba macho kwa tonge la kwanza akasema, "Merci, Odile. Nasikia niko kwetu."

Kwetu! Nilikuwa nashuka chini nauma kitambaa cha jikoni.

Na nilikawia. Nilijiambia nasubiri hali ya hewa, nasubiri Madame alale. Ukweli ni kwamba kumwua hakukunitosha. Nilikuwa na swali. Akifa bila kulijibu, angeondoka nalo kama alivyoondoka na ufunguo.

Kisha ikaja siku ya maharage. Bahari ilikuwa imetulia, mimi na Madame tumekaa nje tunachagua maharage kwenye sinia, Lambert yuko usukani. Madame akaanza kuzungumza habari za Lubumbashi, jinsi mijakaranda inavyomwaga maua barabarani. Halafu akasema, "Tulikuwa na muntu moja ku depo, jina yake Célestin. Muntu muzuri sana, Odile. Alikuwa ananiletea tomates ya ku shamba yake. Bapiyeur balimuchoma, masikini. Lambert alimuambia akimbie, yeye akakatala, alisema haachi kazi."

Maharage yalinisimama vidoleni. Nilimtazama Lambert. Alikuwa anatazama dira kwa bidii kama mtu anayesoma Injili. Basi mke hajui. Alimpa mkewe hadithi ya waporaji na mfanyakazi mwaminifu, na mwanamke huyu alimlilia baba yako kwa machozi ya kweli juu ya uongo. Hapo hasira yangu ilipata umbo lingine. Sikutaka tena afe tu. Nilitaka asikike.

Tulikuwa tumeshapita katikati ya bahari ilipotokea. Upepo ulikuwa nyuma yetu, mkali, mawimbi yanatupandisha na kutushusha. Lambert alikwenda mbele kurekebisha tanga dogo, amevaa mkanda wake wa usalama na kamba imefungwa kwenye mashua, kama sheria ilivyokuwa. Madame alishika usukani. Mgongo wake ulimkamata ghafla, mashua ikageuka kidogo tu, na ule mti wa chuma ukaruka. Nilisikia mlio kama wa bunduki. Nilipoinua kichwa, Lambert hakuwepo.

Kamba yake ilikuwepo, imekazwa kuelekea majini. Nilitambaa kwa magoti mpaka pale. Alikuwa ananing'inia ubavuni mwa mashua, anaburutwa, anazama na kuibuka, ameshika kamba kwa mikono miwili. Madame alikuwa ameshaigeuza mashua kuukabili upepo, matanga yanapiga makofi juu yetu, naye analia, "Muvute, Odile! Muvute!"

Kando ya mlingoti kulikuwa na kisu kwenye ala yake, cha kukatia kamba wakati wa hatari. Nilikichomoa.

Lambert aliniona. Nafikiri alidhani nakata kitu cha kumsaidia, kwa sababu alinitabasamia, Béa, akitema maji. Niliweka kisu juu ya kamba yake. Nikamwambia kwa Kiswahili chetu, polepole, ili neno lisipotee:

"Miye niko muke ya Célestin."

Tabasamu likaondoka.

"Mulango ya depo, nani alifunga?"

Wimbi likamfunika. Alipotokea nikamwuliza tena. "Nani alifunga?"

"Ni miye!" akapiga kelele. "Ni miye njo nilifunga!"

"Juu ya nini?"

"Vuta kwanza! Odile, je t'en supplie—" akanisihi.

"Juu ya nini ulifunga na yeye iko ndani?"

Na hapo, mwanangu, alisema. Mtu anayezama hana nafasi ya kupanga maneno. "Niliogopa atakimbia! Niliogopa ataacha bintu!"

Bintu. Rangi na matairi.

Nyuma yangu kilio kilikoma. Nikasikia sauti ya Madame Hélène, ndogo, kama ya mtu aliyepotea njia. "Mulango gani? Lambert, mulango gani?"

Unataka kujua kama kisu kilikata. Kilikata nyuzi chache. Niliziona zikifunguka. Sikufikiria amri za Mungu, usiongopewe na yeyote atakayekuambia kwamba mtu hufikiria amri za Mungu wakati kama ule. Nilifikiri hivi: huyu akifa sasa, atakuwa amejibu kwa pumzi moja akaenda kupumzika. Mimi nitabaki na jibu lake, yeye abaki na nini? Nikarudisha kisu kwenye ala. Tulizungusha kamba kwenye ile roda ya kukazia matanga, mimi na Madame, tukazungusha hatuangaliani, mpaka akaanguka juu ya mashua kama samaki. Sikumvuta kwa huruma. Ukisikia mtu anasema mama yako alimwokoa adui yake, mwambie amekosea.

Ardhi ilikuwa bado mbali. Kazi zilibaki zile zile. Vitunguu vilichambuliwa, maji yakapimwa, zamu zikagawanywa. Hakuna aliyeweza kuondoka akafunga mlango nyuma yake, kwa sababu mlango haukuwepo. Madame alihamisha blanketi lake akalala karibu na jiko langu. Alinitaka nimwambie yote, nikamwambia: mnyororo, mikono, sufuria, wewe mgongoni. Alinisikiliza akiwa ameshika mguu wa meza. Tangu hapo hakumwambia mumewe neno lisilohusu upepo au tanga.

Na mimi nilipika bukari. Kila siku, sikuacha hata moja. Nilimwekea sahani mbele yake, nikasema neno moja tu: "Célestin." Kisha nikaketi kula.

Mwanzoni alijaribu. "Odile, pardon. Sikujua. Nilitaka kurudi, barabara ilifungwa." Kesho yake sahani, na jina. Alibadilika akawa mkali, akasema yeye ndiye mwenye mashua. Sahani, na jina. Kisha akaanza kulia. Mzungu mrefu yule, ndevu zina chumvi, analia juu ya sahani. Nilimwangalia na nilishiba, Béa. Sitakuficha: nilishiba. Mwishoni alikuwa anakula biskuti kavu peke yake mbele ya mashua, na akiniona natoka na sahani aliziba masikio. Lakini jina ni fupi. Linaingia hata masikio yakiwa yamezibwa.

Tulipofika Brazil Madame Hélène alishuka na begi moja, akanishika mkono, hakugeuka. Alinitafutia meli na njia ya kurudi, na tuliagana bila maneno mengi. Sikuwahi kumwona tena. Lambert tulimwacha gatini na kamba mkononi, anatafuta mtu wa kumrushia.

Nilidhani ningerudi mwepesi. Hapo ndipo nilipokosea, na kama kuna kitu cha kujifunza kwangu, kipo hapo, kichukue au kiache. Nilifika Mitwaba mchana, ukiwa unacheza uani kwa bibi yako. Nilikuita. Ulinitazama, ukakimbia ukajificha nyuma ya bibi, ukamwuliza, "Ule mama ni nani?" Meno yako ya mbele yalikuwa yameshaota na kung'oka, na sikuona hata moja. Kisasi changu nilikipata, wala sikijutii. Lakini nilikilipia kwa miaka ambayo haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa na yako ndani.

Sasa nifike kwa lililonifanya niandike leo.

Jumapili ulinijia na simu mkononi, unacheka. Ulisema kwenye lile kundi la watu wa Lubumbashi walioko Cape Town, kuna mzee mmoja wa Kizungu aliyerudi kuishi kule, ameona jina lako, amekuandikia kwamba alimfahamu sana baba yako, kwamba yuko peke yake kwenye nyumba kubwa, na kwamba atakupokea basi likifika na kukupa chumba mpaka ujipange. Ulinisomea jina lake. Nikanyamaza. Ukaniuliza, "Mama, ju ya nini unanyamaza?" Nikasema kichwa kinauma.

Béa, ni yeye.

Sijui anataka nini. Huenda amezeeka na anatafuta kulala. Huenda anadhani chumba na kitanda na chai ya asubuhi kwa mtoto wa Célestin vitafunika lile jina. Nimekaa na kalamu na simu nikitafuta njia ya kukukataza, na ninaweza, wewe ni mtoto unayesikia. Masista wana nyumba kule, anwani yao nimeiweka kwenye mfuko wa koti lako. Ungekwenda huko na hadithi ingekwisha.

Lakini sitaki iishe hivyo. Nakuomba ushuke kwenye basi na umwendee. Una macho ya baba yako, na paji lake la uso, na unavyosimama mguu mmoja mbele ni yeye mtupu. Usivae miwani ya jua. Usimpe mkono haraka. Mwambie kwa Kiswahili chetu, mbele ya watu wote wa stendi: "Niambie namna baba alikufa." Halafu kaa kimya. Kimya chako kiwe kirefu kuliko chake.

Akidanganya, hata kidogo, hata kwa kuanzia na askari badala ya kuanzia na mnyororo, beba begi lako uende kwa masista, na usigeuke. Akisema kweli yote, hapo sina la kukuandikia. Nimejaribu tangu mchana. Mimi sijamsamehe, na nikienda kaburini nitakwenda hivyo. Lakini mimi nilipata jibu langu. Wewe hujawahi kupewa la kwako, na sitakuchagulia utakalofanya nalo ukilipata. Kulala chini ya paa lake au kumtemea mate, utakuwa bado mwanangu.

Nakusikia getini, unacheka na wenzako. Nitaitia barua hii kwenye begi la juu, uisome ukishavuka mpaka, si kabla.

Ukifika, unipigie simu. Usianze na salamu. Anza na alichojibu.

Mama yako,
Odile